Wiki ya Tano Inapakana na Wiki ya Sita

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne, ina alama saba za vidole gumba kwa wino wa bluu, na kwenye kona ina doa la mchuzi, kwa sababu tuliisaini sahani za pilau zikiwa bado mezani. Inasema kwamba mzee mmoja, akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, ameniuzia mimi na mume wangu wiki. Umesoma sawasawa. Wiki.

Ngoja nieleze, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa, na sehemu nyingine sijaielewa hadi sasa. Huku Marekani kuna nyumba za mapumziko ambazo nyumba moja huuzwa kwa watu hamsini na wawili, kila mtu na wiki yake katika mwaka. Wenyewe wanaita timeshare. Wiki ya kwanza ni ya huyu, ya pili ni ya yule, hivyo hivyo mpaka mwaka uishe. Yule mzee, Mtanzania mwenzangu aliyekuwa dereva wa ubalozi, alikuwa amenunua wiki ya tano moja kwa moja kutoka kwa kampuni, katika jengo lililo ufukweni upande wa Maryland, mwendo wa saa tatu kutoka kwetu Lanham. Wiki ya tano huangukia mwisho wa Januari na kuingia Februari kidogo. Wakati huo ufukweni hakuna mtu ila ndege na upepo. Alipostaafu na kuamua kurudi kwao Singida moja kwa moja, akatuuzia kwa bei ya kutupa.

Tuliifanya biashara kama inavyofanywa nyumbani. Mashahidi wawili upande wake, wawili upande wetu, na chakula cha kutosha ili mtu asije akasema baadaye kwamba mambo yalifanyika kwa kujificha. Mmoja wa mashahidi alikuwa mtendaji wa kijiji huko Dodoma kabla ya kuja kuegesha magari ya watu Bethesda. Yeye ndiye aliyeandika mkataba, na aliuandika kwa kichwa, neno kwa neno, kama alivyoandika mikataba ya mashamba miaka kumi na mitano. Alipofika kwenye mipaka hakusita hata kidogo. Aliandika: upande wa mashariki inapakana na wiki ya nne, upande wa magharibi inapakana na wiki ya sita, kaskazini na kusini hakuna jirani.

Mume wangu ni Mkenya wa Nyahururu, na Kiswahili chake hakina subira. Akauliza, "Sasa wiki inaweza aje kuwa na mashariki?" Mtendaji alimtazama kwa huruma, akamjibu kwamba mkataba usio na mipaka ni barua tu. Tukaweka vidole. Yule mzee akatupa mkono, akasema kuanzia leo mali ni yenu, na mimi nikaona kweli nimenunua kitu.

Kosa letu ni kwamba tuliishia hapo. Hakuna aliyewaza kwamba kuna ofisi inayopaswa kuambiwa. Watu saba walikuwa wameona; ofisi ingeongeza nini? Barua za kampuni ziliendelea kuja kwa jina la mzee, lakini zilikuja kwenye sanduku letu kwa sababu alipoondoka alihamishia kwetu posta yake yote. Tulilipa ada ya matunzo kila mwaka na wala jina lile halikutusumbua. Nyumba ngapi kwetu zinaitwa kwa jina la aliyezijenga na mwenyewe alishazikwa zamani? Mwaka wa kwanza tulikwenda na barua yake ya kututambulisha, wakatupa ufunguo, tukatetemeka kwa baridi siku nne, tukarudi. Baada ya hapo hatukwenda tena.

Halafu mama yangu akapata viza.

Hapa lazima niseme habari ya ndugu zangu, kwa sababu wao ndio waliofanya wiki ile iwe kitu. Tuko watatu. Kaka yetu mkubwa yuko Houston, mimi niko katikati, mdogo wetu wa kike yuko Minnesota. Baba alipofariki, kaka aliwahi kufika nyumbani, akazika Jumatano. Mdogo wangu alikuwa amempigia simu akimwomba asubiri mpaka Jumamosi, kwa sababu kibali chake cha kusafiri kilikuwa kinatoka wiki ileile. Alifika Ijumaa akakuta tuta la udongo. Mwaka uliofuata walikutana sebuleni kwangu, wakaambiana maneno ambayo sitayaandika, na kaka akaondoka akisema hatakanyaga tena mlango ule. Mdogo wangu naye akasema safari za Houston tusimhesabie. Ilikuwa imepita miaka minne.

Mama alikuwa na ombi moja tu. Alitaka kuwaona watoto wake watatu wakila meza moja kabla hajafa. Kwangu kaka haji, kwa kaka mdogo wangu haendi. Nilimwambia kwenye simu asiwe na wasiwasi, ninayo nyumba pwani, si kwa huyu wala kwa yule, wote watakuja huko. Mama akawaambia jirani zake, akaiambia na jumuiya yake ya kanisani, kwamba binti yake ana nyumba baharini Marekani. Hoteli za ufukweni mwezi wa Agosti hazikuwa za watu kama sisi, kwa hiyo nilikuwa nimeshika hiyo wiki moja tu, na hiyo wiki ilikuwa ya Januari. Mama alikuwa anakuja Agosti.

Nilipopiga simu kampuni kuuliza kama wiki inaweza kusogezwa, dada aliyepokea alisema kwa furaha kubwa kwamba siku hizi kuna mpango wa pointi. Tukaalikwa kwenye hoteli moja Manassas, Jumamosi asubuhi, chai na mayai bure. Kijana mmoja mwenye tai ya waridi alitukalisha, akaanza kuchora miduara. Wiki yako, alisema, unaturudishia sisi. Sisi tunakupa pointi. Pointi hazina tarehe. Unaweza kwenda mwezi wowote, nyumba yoyote yetu. Wiki ya baridi inaleta pointi chache, wiki ya Agosti inakula pointi nyingi, lakini unaruhusiwa kukopa za mwaka ujao ukajazia. Za miaka miwili zikiunganishwa, Agosti mnapata bila shaka.

Mume wangu alikuwa ameacha kula. Akauliza, kwa Kiingereza kwanza, halafu akanigeukia kwa Kiswahili kana kwamba mimi ndiye niliyechora ile miduara. "Tuki-convert, ile wiki inabaki yetu ama inakuwa yao? Na tukikopa ya mwaka ujao, mwaka ujao tutakuwa tunaishi wapi?" Nikamwambia anyamaze, naelewa. Sikuwa naelewa. Nilielewa Agosti tu, na hiyo ilinitosha.

Kijana akaandika namba yetu kwenye kompyuta, akakunja uso. Akasema kwa adabu kwamba mwenye wiki hii ni mtu mwingine. Nikatabasamu, nikatoa karatasi yangu kwenye mkoba, nikaikunjua mbele yake na kuilainisha kwa kiganja. Alivitazama vidole vile saba. Akaigeuza juu chini, akauliza ni nini. Nikamtafsiria yote, pamoja na mipaka. Hakucheka, nampa haki yake. Alikwenda kumwita mkubwa wake, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, na huyo ndiye aliyetueleza polepole jambo ambalo lilinichanganya kuliko hesabu yoyote niliyowahi kupewa shuleni.

Alisema hivi. Kwa vitabu vyao sisi hatujanunua chochote. Mwenye wiki ni yule mzee. Tukitaka iwe yetu, mzee asaini hati rasmi na hati isajiliwe kwenye kaunti ya huko pwani. Lakini wiki iliyonunuliwa mkono wa pili haiingii kwenye mpango wa pointi, isipokuwa tununue na nyingine mpya kutoka kwao, jambo ambalo hata kijana wa tai aliona nyusoni mwetu kwamba halitatokea. Kwa upande mwingine, mzee mwenyewe alinunua kwao moja kwa moja. Yeye anaruhusiwa. Asaini tu fomu mbele ya wakili huko aliko, akiapa kwamba ni mali yake, ageuze kuwa pointi, kisha atukaribishe Agosti kama wageni wake. Akainama kidogo akasema, kwa sauti ya mtu anayekupa siri, kwamba kwa kweli tulikuwa na bahati hatukusajili.

Tulirudi Lanham nikiimba kwenye gari. Nilinunua kadi ya simu, nikakwangua namba, nikampigia mzee. Nilimwamkia, nikamuulizia mifugo yake na mguu wake, nikamweleza mambo yote mpaka kwenye fomu. 

"Mwanangu," akasema, "ile wiki niliiuza?"

Nikasema ndiyo, aliiuza.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, mzee."

"Sasa unataka niende kwa wakili nikaape kwamba ni yangu."

Nilimweleza tena. Nikamwambia ni karatasi tu, ni utaratibu wa kampuni, sisi tunajua na yeye anajua. Akaniambia kwamba mmoja wa mashahidi wake alikuwa ameshakufa mwaka ule. Wale walio hai angeweza kuwapigia simu kuwaeleza, lakini yule angemweleza vipi? Alisema yuko tayari kusaini hati ya kutuhamishia hata kesho, kwa sababu hiyo ni kweli. Kuapa kwamba ni mali yake hawezi. Kadi ikaisha kabla sijamwaga hasira zangu, na pengine ni heri.

Nilikasirika wiki nzima. Nani hukasirikia mtu kwa kukataa kusema uongo? Mimi. Nilisugua masufuria mpaka mume wangu akatoka nje. Lililoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kumlaumu hata nilipojaribu. Kila nilipoanza kumsema nilijikuta namsifu.

Tulijaribu na njia ya pili, ya kusajili. Tulichukua ruhusa kazini, tukaenda ofisi za kaunti Upper Marlboro na karatasi yetu. Karani, mama mwenye subira, aliisoma tafsiri yangu yote akasema jengo haliko katika kaunti yao, na kwamba hata lingekuwepo, ile si hati. Akamwuliza mume wangu pembeni ni kwa nini wiki ina mashariki. Mume wangu alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilikuwa najaribu kufikiri. Wiki ikibaki ya mzee inaweza kuwa pointi, ila yeye hawezi kusema ni yake. Ikiwa yetu, kila mtu atasema ni yetu, ila haiwezi kuwa pointi. Niliendesha gari mpaka nyumbani nikilizungusha jambo hilo kichwani na hapakuwa na pa kulishikia.

Mama alifika katikati ya Agosti, na kikapu na kitenge kipya cha kuvaa baharini. Nilimweleza ukweli usiku ule ule, kwa aibu. Sikumweleza pointi, nilisema tu kwamba nyumba haitupokei mwezi huu. Aliomba aione karatasi. Akavaa miwani, akaisoma taratibu, akapitisha kidole kwenye mipaka na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii wiki iko lini?"

"Mwisho wa Januari, Mama."

"Na paspoti yangu wamegonga mpaka lini?"

Nikaitazama. Mpaka katikati ya Februari.

"Basi inatosha," akasema, akavua miwani.

Nilimwambia habari ya baridi, ya upepo, ya bahari isiyoogeka. Alinikumbusha kwamba amezaliwa Njombe na kwamba baridi si mgeni wake. Kesho yake tulibadilisha tiketi ya ndege, kisha akapiga simu Houston na Minnesota. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale. Alisema ameacha maharage shambani na ng'ombe mwenye mimba, na hatarudi mpaka wiki ya tano. Atakayekosa kuja ajue kwamba mama yake alimngoja miezi mitano. Hakubishana nao. Alikata simu akaniomba chai.

Akakaa nasi miezi ile yote. Alifagia sebule kila asubuhi ingawa mashine ya kufagilia ilikuwepo, alimfundisha binti yangu kukuna nazi, naye binti akimjibu kwa Kiingereza na mama akimjibu kwa Kiswahili, wakasikilizana vizuri kuliko mimi na kampuni. Mzee wa Singida alileta barua fupi aliyoiandika mwenyewe: wiki hii niliiuza kwa hawa, tafadhali wapokeeni. Mapokezi ya pale ufukweni waliihesabu kama barua ya mwenye wiki anayeleta wageni, wakatupa ufunguo. Kila mmoja alikuwa amesema ukweli wake, na mimi nikaacha kutafuta ulipo.

Walikuja wote wawili. Kaka alifika Jumamosi kwa gari la kukodi, mdogo wangu Jumapili. Walisalimiana kama watu wa benki. Kwa siku sita walikula meza moja, kama mama alivyotaka, na kwa siku sita waliomba chumvi kupitia kwangu.  Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha baharini juu ya koti langu, anatazama maji dirishani. Nilikuwa nimepigania pointi, nikapigana na mzee mwema, nikamweka mama yangu miezi mitano mbali na ng'ombe wake, ili watu wawili wapitishiane chumvi. Nilijiona mjinga, na nilikuwa na hasira nao wote wawili kwa usawa.

Ijumaa jioni ilianza theluji. Jumamosi asubuhi, saa ya kurudisha ufunguo, dada wa mapokezi alipiga simu akasema daraja limefungwa, wa wiki ya sita hawawezi kufika na sisi hatuwezi kuondoka. Tukae mpaka kesho. Tukafungua mizigo. Hapakuwa na lolote la kufanya, hata nyama ilikuwa imekwisha. Nilichemsha chai nikakata mkate uliobaki. Tukakaa mezani watu wazima watano katika siku ambayo haikuwa yetu.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza. Hakumtazama kaka. Alisema, "Kwa nini hukunisubiri?"

Kaka aliweka kikombe chini. Nilidhani atainuka.

"Kule ghalani kazini walinipa siku tano," akasema. "Siku tano, pamoja na za kusafiri. Meneja alisema ikifika ya sita sijafika, nisirudi tena."

"Ungesema."

"Ningesemaje? Mtoto wa kiume wa kwanza, nimwambie mtu kwamba nimemzika baba yangu kwa ratiba ya ghala?" Akajifuta macho kwa kiganja, kaka yangu huyo ambaye sikumwona akilia hata msibani. "Niliona afadhali unichukie."

Mdogo wangu alilia kwa sauti, kichwa mezani. Mama alinyoosha mkono akashika mkono wa huyu, akanyoosha wa pili akashika wa yule, akasema, "Kumbe ilikuwa siku tu." Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, nikaendelea kusimama nalo mpaka mume wangu akaja akanipokea. Baadaye nilimwona mdogo wangu akimmiminia kaka chai bila kuulizwa, akiweka vijiko vitatu vya sukari kama kaka alivyokuwa akinywa utotoni.

Jumapili jua lilitoka na daraja likafunguliwa. Tulifunga mizigo, tukafagia. Nilikuwa nimeshika ufunguo mlangoni mama alipokataa kutoka.

"Jana ilikuwa ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ilikuwa ya wiki ya sita.

"Mmemwambia mwenyewe?"

Nikamweleza kwamba kampuni imeruhusu, kwamba hawa watu hatuwajui na hatutawajua, kwamba hapa haifanywi hivyo. Akaniambia mpaka umeandikwa kwenye karatasi yangu mwenyewe, na aliyevuka huomba radhi. Akaketi tena na mkoba wake magotini. Kaka akacheka, mdogo wangu akatafuta kalamu. Mama alisema kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kiingereza, tukabandika kwenye mlango wa friji, na juu ya friji tukawaachia sukari iliyobaki. Niliandika kama alivyosema: Jirani zetu wa wiki ya sita, mtusamehe, tumekaa ndani ya siku yenu moja. Mwanangu alikuwa bado hajamaliza kuzika.